Mwanzo Mgumu, Lakini kwa Nani?

Kuna msemo wa maneno mawili tu ambao sote tumelelewa nao: mwanzo mgumu. Tuliambiwa siku ya kwanza ya shule tulipolia. Tuliambiwa tulipoanza kazi, tulipofungua kibanda, tulipopeleka shairi letu la kwanza kwa mhariri likarudi kama lilivyokwenda. Lakini umewahi kutazama, ndugu msomaji, ni nani huwa anausema msemo huu? Mara zote ni yule aliyekwisha kuvuka. Mimi sijapata kumsikia mtu aliyezama mtoni akisifu maji ya ukingoni kwamba yalimpa funzo.

Leo nataka tuuweke mezani tuupasue. Kwamba mwanzo ni mgumu, hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni hiki: je, ni haki mwanzo uwe mgumu kuliko katikati na mwisho? Na ugumu huo unapima nini hasa? Nitaanza na jambo la kitoto, gemu la kompyuta, halafu tutateremka ngazi hadi barabarani, Mtaa wa Congo, ambako watu wanacheza na maisha yao wenyewe.

Nina mshikaji wangu fundi wa kompyuta. Chumba chake kiko ghorofani, Kariakoo, na kukifikia lazima upenye katikati ya mizigo ya watu iliyorundikwa kwenye ngazi. Jioni kazi zikipungua tunacheza gemu. Si hizi za mpira ambazo vijana wanalipia kwenye vibanda vya mitaani. Yeye bwana anapenda za kale, za miaka ya 80, ambazo anazichezesha kwa programu inayoiga mashine za wakati ule. Ndiye aliyenionyesha Wizardry, gemu lililotungwa na vijana wawili wa Marekani, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, likatoka mwaka 1981 kwa ajili ya kompyuta za Apple II.

Mpango wake ni huu. Unaumba watu wako, wasiozidi sita katika msafara mmoja: wapiganaji, mwizi, kuhani, mchawi. Unawanunulia silaha kwa dhahabu kiduchu waliyozaliwa nayo. Kisha unawateremsha kwenye shimo lenye ghorofa kumi kwenda chini, ambamo amejificha mchawi mkuu mwenye kitu mnachokitafuta. Basi ghorofa ile ya kwanza ndiyo kiboko. Unapiga hatua chache, mlango unafunguka, vibwengo wanakurukia, na kabla hujajua ubonyeze nini mchawi wako amelala chini. Maiti unaibeba hadi hekaluni, wanakutajia bei ya kumfufua. Bei huna, maana ndiyo kwanza umeanza. Hata ukiwa nayo, ufufuo wenyewe unaweza kushindikana, maiti ikageuka majivu. Majivu nayo yanaweza kurudishwa uhai, kwa bei kubwa zaidi, lakini yakishindikana mtu huyo amefutika moja kwa moja. Na diski inayaandika yote papo hapo, hakuna kurudi nyuma.

Ukivumilia ukapanda ngazi kadhaa, mambo yanageuka. Mchawi yule yule aliyekuwa anaangushwa na kibwengo mmoja sasa anateketeza kundi zima kwa neno moja. Huko chini hatari zipo, tena kubwa, lakini sasa unazo njia nne tano za kuzikabili: dawa, silaha, fedha za hekaluni, njia ya kukimbilia. Kwa hiyo mtu mwenye kila kitu anapambana na hatari akiwa na akiba, na mtu asiye na kitu anapambana nayo akiwa mikono mitupu.

Gemu hizi zina mzazi wao. Mwaka 1974 huko huko Marekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo watu wanakaa pamoja, kila mmoja anavaa mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua. Hata mtaji wako wa kuanzia uliamuliwa na dadu: unarusha tatu, unajumlisha, unazidisha kwa kumi, ndiyo dhahabu yako. Mmoja anaanza na 30, mwenzake na 180, na hakuna aliyefanya jambo lolote la kustahili. Katika kitabu cha sheria cha mwaka 1978 mchawi anayeanza anapewa uhai kwa dadu ya pande nne. Maana yake ana pointi 1 hadi 4 za uhai, na uchawi mmoja tu kwa siku. Wachezaji wenyewe wana utani wao wa miaka mingi kwamba mchawi wa namna hiyo anaweza kuuawa na paka wa nyumbani.

Sasa nakuomba tufanye hesabu kidogo. Nitaenda polepole, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapa.

Katika kitabu hicho, pigo la upanga mrefu linaondoa pointi 1 hadi 8. Mchawi mwenye pointi 4, tena huyo ndiye mwenye bahati, akipigwa mara moja tu anaanguka mara 5 katika kila 8. Awe ni mwerevu kama sungura, awe amepanga mbinu usiku kucha, haisaidii kitu. Dadu imeshaamua. Mchukue sasa mtu mwenye pointi 40. Huyo pigo moja haliwezi kumwangusha hata liwe baya namna gani. Inabidi apigwe mara 5 kwa uchache. Na kati ya pigo la kwanza na la tano ana muda wa kufikiri: apigane, akimbie, anywe dawa, aombe suluhu. Huyu akifa unaweza kumlaumu kwamba alicheza vibaya. Yule wa pointi 4 utamlaumu kwa lipi?

Hapo ndipo nilipoanza kuushuku msemo wetu. Tunaamini kwamba ugumu wa mwanzo unachuja wazembe na kubakiza hodari. Lakini pale ambapo huna akiba yoyote, uhodari haujapata nafasi ya kufanya kazi. Bahati ndiyo inayotawala. Uhodari unaanza kuonekana baadaye, mtu akishakuwa na uwezo wa kukosea mara mbili tatu akabaki hai.

Nisingeyafikiria haya yote kwa sababu ya gemu tu. Kuna kijana.

Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuja Dar kutoka Singida. Aliuza maji ya baridi kwenye foleni za magari, akabeba mizigo, akalala chumba kimoja na wenzake watano. Mwaka mzima na miezi kadhaa alikuwa anaweka. Hanywi, havuti, hata soda alikuwa anaiona kama anasa. Alipofikisha laki nne na kidogo akanunua belo la mtumba, nguo za watoto. Wewe uliyekulia mjini unajua belo lilivyo: limebanwa kwa kamba, umeambiwa lina nini, lakini ndani hulioni mpaka umelipa, umebeba, umekata kamba. Alinipigia simu niende nikashuhudie. Nilikwenda. Tulikata kamba wote wawili kwa kisu cha jikoni.

Yalitoka masweta. Masweta mazito ya sufu, ya watoto wa nchi za theluji, na suruali zilizokwisha magotini. Ilikuwa mwezi wa Januari, ndugu msomaji, na joto la Dar mwezi wa Januari hakuna asiyelijua. Dogo alichambua hadi chini kabisa, akatandika pembeni vipande kama kumi na tano vya kuuzika. Kisha akakaa juu ya rundo la masweta, akanyamaza. Baadaye akaniuliza, "Kaka, sasa nafanyaje?"

Nami, msomi wa familia, mpenda vitabu, nikamjibu, "Mwanzo mgumu, dogo. Komaa."

Nikamwachia nauli nikaondoka. Jioni ile ile nilipanda ghorofani kwa fundi. Mchawi wangu aliuawa ghorofa ya kwanza, hekaluni akageuka majivu. Sikuhangaika. Nilikuwa na nakala ya diski niliyoiweka pembeni tangu jana yake, maana ndivyo walivyofanya wachezaji wengi tangu zamani kukwepa ukali wa gemu hili. Nikaifungua nakala, mchawi wangu akawa hai, mzima, kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa katikati ya kucheza pale mkono wangu ulipokuwa mzito. Yule wa kwenye kioo nilimpa nafasi ya pili bila hata kufikiri. Mtoto wa shangazi yangu nilimpa msemo.

Wiki tatu baadaye alirudi kwao.

Nimeyarudia mambo haya kichwani mara nyingi, na kila mara nafika pale pale. Binamu yangu hakushindwa biashara. Biashara hakuifanya. Alirusha dadu moja. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa mabelo kumi naye anakutana na masweta. Katika kumi labda mawili matatu ni mabovu, manne ni ya kati, na yanayobaki yanalipia yote. Huyo mwisho wa mwezi utaona faida yake, na utamsikia akisema siri ya biashara ni uvumilivu. Hasemi uongo, alivumilia kweli. Ila uvumilivu wake ulikuwa na mabelo tisa nyuma yake. Wote wawili walikata kamba moja mbaya. Mmoja ilimwondoa mjini, mwenziwe ilimwongezea uzoefu.

Kwa hiyo nathubutu kusema hivi: ugumu wa mwanzo, kama tulivyouzoea, haupimi nani anafaa. Unapima nani anaweza kumudu kuanza tena. Wenye nakala ya diski wanapita. Nakala hiyo inaweza kuwa baba mwenye duka, shemeji mwenye kazi ya mshahara, kiwanja cha kuweka rehani. Wakishapita wanaitazama ghorofa ya kwanza wanasema ni shule nzuri.

Na kuna jambo baya zaidi. Wajanja wa Wizardry waligundua njia nyepesi ya kuanza. Unaumba watu wengi, kila mmoja anazaliwa na dhahabu yake kidogo. Unaichukua yote unampa mmoja, halafu wale wengine unawafuta. Yule mmoja anaingia shimoni amevaa vizuri. Fundi aliponionyesha mbinu hiyo nilicheka. Siku hizi sicheki sana. Nikipita kwenye maduka nikamwona kijana amesimama mlangoni tangu asubuhi kama winga, anamwitia mwenye duka wateja kwa ujira anaoujua mwenye duka peke yake, najiuliza dhahabu ya nani imekwenda kwa nani.

Haya, nimsikilize na mwenye hoja kinyume. Fundi wangu alinisikiliza yote haya huku anachomea waya, akaniambia, "Wewe umekuwa laini. Ukiondoa ugumu wa mwanzo unapata wachezaji legelege. Mimi nilifagia chini ya meza ya fundi wangu miaka miwili bila kulipwa. Ndiyo maana leo naijua kazi." Hoja yake ina uzito, wala siwezi kuipuuza. Furaha ya kumwona yule mchawi dhaifu amekuwa tishio inatokana na kumbukumbu ya udhaifu wake. Gemu ambalo haliwezi kukuangusha halikufundishi kitu, na kazi nayo ni hivyo hivyo.

Lakini nilimuuliza, "Hiyo miaka miwili ulikuwa unakula wapi?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa mama." Nikamuuliza kama kulikuwa na vijana wengine pale chini ya meza. Akasema walikuwa watatu. Wawili waliondoka, mmoja kwa sababu mama yake aliugua akatakiwa alete fedha nyumbani. "Alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi," akasema, kisha akarudi kwenye waya wake.

Kwa hiyo tutenganishe, maana nadhani hapa ndipo tunapochanganya mambo. Kuna ugumu unaofundisha, na kuna ugumu unaofukuza. Ule unaofundisha una alama mbili: ukianguka unaelewa kwa nini umeanguka, na unaruhusiwa kurudi. Ule unaofukuza hauna hata moja. Binamu yangu alijifunza nini ndani ya lile belo? Kwamba angenunua jingine? Kwa fedha ipi?

Wala tusidhani huu ni utaratibu wa asili usiobadilika. Tazama bao letu la Kiswahili. Hakuna mchezo mgumu kama ule, wazee wa mwambao na visiwani wamezeeka nao bado wanashangazana. Hata hivyo mwanzo wake ni wa haki. Kete ni 64, kila mtu ana 32, awe bingwa awe mgeni. Kila mmoja anaanza na 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye nyumba, na 22 anabaki nazo mkononi akiziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia hatua inayoitwa, utapenda neno hili, mtaji. Ni kweli bingwa anaweza kukufunga ungali na kete mkononi, mtaji hujauona. Lakini amekufunga kwa akili yake, hakuanza na kete nyingi kuliko zako. Na mchezo ukiisha kete zote zinarudi, mnagawana sawa, mnaanza upya. Hakuna anayekwenda nyumbani na majivu.

Tena wazee hao hao walimfikiria anayeanza. Wana bao la kujifunza: unaweka kete mbili mbili kwenye kila shimo, hakuna namua, sheria ni nyepesi, mtoto anacheza mpaka mkono unazoea kusambaza. Akishaiva anahamia kwenye bao kubwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba bao la kujifunza limeleta mabingwa legelege.

Wazungu na Wajapani nao waligutuka. Yuji Horii, Mjapani aliyeipenda Wizardry, alipotunga Dragon Quest mwaka 1986 alibadilisha sheria moja ndogo. Shujaa wako akifa, anarudishwa mbele ya mfalme, amepoteza nusu ya dhahabu yake. Nusu nyingine anayo, na uzoefu wote alioupata anabaki nao. Adhabu ipo, tena inauma, lakini ulichojifunza hakifutwi. Wajapani waliuchangamkia mchezo ule kwa mamilioni, na hatari za mbele zilibaki hatari. Alichokiondoa ni kile cha kumfuta mtu siku ya kwanza.

Sasa turudi Kariakoo. Jina lenyewe limetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni mtaa ulioanza na watu wenye mabega tu. Na tangu hapo anayeanza amekuwa akibanwa kwa sababu anaanza. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu waliokutwa mjini bila kazi inayotambulika wakakusanywa wakapelekwa vijijini. Kosa lao kubwa lilikuwa kwamba hawajapata. Mwaka 2021 peke yake ulirusha dadu mbili: tarehe 10 Julai Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo maarufu alilolichora Beda Amuli miaka ya 70, liliungua moto, na Oktoba wamachinga wakatakiwa kuondoka pembeni mwa barabara kwenda maeneo waliyopangiwa. Sitaki kuingia kwenye mabishano ya nani alikuwa sahihi, jiji nalo lina haki ya kupitika. Nasema tu kwamba pigo lile lile lilipompata mwenye maduka mawili na fedha benki, alikuwa na pointi 40. Lilipompata mwenye meza moja, alikuwa na 4. Halafu tukakaa vijiweni tukasema biashara inataka moyo.

Lakini ni Kariakoo hiyo hiyo ambako watu wa kawaida, bila kusoma falsafa, wamejitungia sheria za kulainisha mwanzo. Kuna mali kauli: tajiri anakupa mzigo kwa neno lako tu, unauza, unarudisha chake, unabaki na chako. Belo likitoka masweta, hasara mnazungumza. Na kuna upatu, ambao sisi wa mjini tunauita nini? Tunauita mchezo! "Unacheza mchezo?" "Nacheza, wa elfu hamsini." Watu kumi na wawili wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea zote, zamu inazunguka. Hapo kila mtu anapata siku moja ya kuwa na mtaji mkononi.

Kwenye mchezo wetu zamu tulikuwa tunapanga kwa vikaratasi, bahati nasibu. Mwaka uliopita nilisimama nikapendekeza kwamba anayeingia mgeni, au mwenye shida ya kuanza jambo, apewe zamu ya kwanza bila kuchomoa karatasi. Pakachimbika! Mama mmoja mwenye busara zake akaniuliza, "Mwanangu, akichukua wa kwanza akatoroka, utalipa wewe?" Lilikuwa swali la haki. Kumwamini anayeanza kuna gharama, na mara nyingi wanaoibeba ni watu ambao nao hawana nyingi. Tukabishana hadi chai ikapoa. Mwisho kijumbe wetu akakata shauri: mgeni atachukua wa kwanza, ila awe na wadhamini wawili miongoni mwetu. Nikawa mdhamini. Nilitetemeka miezi kumi na moja, lakini yule binti alilipa kila mwezi.

Sikulisimulia hili ili nipigiwe makofi. Nimelisimulia kwa sababu linaonyesha mahali hasa ambapo haki inakaa. Sheria za mchezo wameziandika watu, na watu wanaweza kuziandika upya. Lakini lazima mtu fulani aliyekwisha kuvuka akubali kubeba sehemu ya hatari ya yule asiyevuka. Msemo peke yake haumgharimu msemaji hata senti.

Nawageukia na ninyi wenzangu wa kalamu. Sisi nasi tuna ghorofa yetu ya kwanza. Mchapishaji anataka jina, na jina halipatikani bila kuchapishwa. Wengi wetu tunaoandika kwenye kurasa kama hizi tumesota, na nimeanza kutusikia tukijivuna: "Sisi miswada yetu ilirudishwa mara saba, na wao wasote." Hebu tujiulize. Mswada uliorudi na neno moja la kueleza kasoro yake ulitufundisha. Uliorudi kimya ulitufundisha nini, zaidi ya kutukumbusha kwamba tulikuwa na nyumba ya kurudi kulala? Waliokuwa hawana nyumba hiyo wako wapi leo? Hatuwaoni mikutanoni. Mashairi yao hatuwezi kuyasema kwamba yalikuwa mabovu, kwa sababu hatukuyaona.

Mwezi uliopita nilijikaza nikampigia binamu yangu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikosea, na kwamba nikiweza nitamdhamini. Alicheka kwa sauti ile ile ya zamani. "Kaka, mimi sasa ni mtu wa vitunguu," akasema. "Mji nimewaachia wenyewe." Nyuma yake nilisikia watoto na redio. Sauti haikuwa ya mtu mnyonge, na huenda anaishi vizuri kuliko mimi ninayehesabu nauli za daladala. Sikumwonea huruma, wala hakuiomba.

Lakini simu ilipokatika nilibaki na jambo moja linaloniuma mpaka sasa ninapoandika. Sijui kama binamu yangu alikuwa mfanyabiashara mzuri. Na yeye hajui. Hakuna atakayejua. Alijinyima mwaka mzima ili apimwe, na siku ya kupimwa akapewa kamba moja ya kukata.

Basi ndugu msomaji, siku nyingine mtu akikujia na rundo la masweta yake akakuuliza afanyeje, ule msemo wa maneno mawili utakujia mdomoni wenyewe, kama ulivyonijia mimi. Kabla hujautamka, jiulize: una belo la pili la kumkopesha?